Kagari ya Wakoli

Kisian,
Agosti 1991

Kwa mtoto wangu Zadock,

Mimi mama yako nakusalimia sana. Huko Nakuru mnaamkaje? Kifua yako imepona? Sisi tuko, ni magoti tu inanisumbua, na ile ng'ombe ya pembe moja imezaa dume. Anayeandika ni Agneta, jirani. Dholuo hajui, kwa hivyo nasema na Kiswahili yangu ya sokoni. Nimemwambia aandike yote, hata ile itafanya yeye mwenyewe anichukie.

Ni juu ya kagari ya Wakoli. Usitupe barua, Zadock. Kaa chini.

Unakumbuka vile shemeji yako alianza? Alichora na chaki chini huko soko ya Kibuye, mafundi wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama anashona gari ama sketi. Akawaambia wakubwa wa Milimani wanataka gari fupi, ipite sokoni bila kugusa nyanya ya mtu, lakini ndani mtu akae kama sebuleni. Ya kwanza mlango ilikataa kufunga. Ya pili ilichemka kabla ifike hapa Kisian. Ya tatu, yawa! Viti ya ngozi, mbao ya mvule huko mbele imesuguliwa mpaka unaona meno yako. Mlango inafunga pole pole kama mtu anaomba ruhusa. Daktari mmoja wa Milimani alisema ataichukua, wenzake watafuata. Miaka tano ya huyo kijana.

Hiyo Jumanne Wakoli alimleta dada yako Benta anitembelee, yeye akangoja kwa barabara, maana kwa mila yetu mkwe haingii kwangu ovyo. Mchana Benta akashikwa na uchungu, na siku zake bado. Damu ilikuwa inatoka. Tukamlaza kwa gari, lakini lazima mtu akae hapo nyuma amshike. Nikachungulia. Ni padogo, Zadock. Magoti yangu ingegusa mgongo ya mkwe.

Wakoli aliangalia chini, akaniomba. Alisema, mama, leo hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Nikamjibu hata ugali sijawahi kula mbele yake, nitamgusa namna gani? Nikasema acha niite Nakhungu wa duka, akae hapo nyuma. Nakhungu alikuwa ameenda kuteka maji. Nikamfuata na mguu mpaka ziwani. Tukirudi, ile ngozi ilikuwa imelowa, na Benta alikuwa amenyamaza. Yeye na mtoto.

Kwa matanga huko Bungoma mliniuliza kwa nini hawakufika hospitali. Nikasema gari ilikataa kuwaka.

Haikukataa. Ilikuwa inanguruma hapo barabarani wakati wote. Ni mimi nilikataa.

Nakhungu alijua. Wakoli naye alisikia. Ulipochukua jiwe ukapasua kioo ya gari, ukisema hiyo takataka imemuua dada yako, alisimama hivyo hivyo. Angeniita mwongo namna gani, na mimi ni mama mkwe? Maneno ikafika Milimani, daktari hakurudi. Sasa Wakoli anatengeneza karai. Kuku inataga kwa ile viti.

Agneta amewacha kalamu, anapangusa macho. Nimemwambia endelea.

Krismasi uje, na ulete kioo. Kipimo muulize Wakoli mwenyewe, ukimwamkia vizuri. Atatupeleka na hiyo kagari Bungoma kwa kaburi ya Benta, niseme ukweli mbele ya watu wa Wakoli.

Wewe kaa mbele. Nyuma ni yangu.

Nisalimie Selpha na watoto, waambie nyanya yao bado anatembea.

Ni mimi mama yako,
Dorca Amolo
(hapa nimeweka kidole)