Makala Yangu Imesomwa Ukweni

Mwenzangu, nimejifungia bafuni ukweni. Nimefungulia maji ili wadhani naoga.

Unaikumbuka ile makala ya kukoma hedhi niliyoandika kazini, kwenye shirika letu la afya ya wanawake? Bosi alitaka ianze na kisa cha kweli. Nikaweka cha mama mkwe. Jina nikabadilisha, lakini ile ya kulala sakafuni kwa sababu ya joto nikaiacha vilevile. Aliniambia mimi tu, siku tunakunja nguo.

Sasa wifi kaituma kwenye kundi la familia. Baba mkwe kavaa miwani, akatusomea sebuleni. Kwa sauti, mwenzangu. Kwa sauti.

"Nalala sakafuni. Mume wangu anadhani nimemnunia, kumbe mwili unawaka moto."

Akacheka. "Huyu naye analala chini kama mama yenu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hata hakunitazama. Akamwambia mumewe, "Rudia hapo. Polepole."

Akarudia. Safari hii hakucheka.

Ndipo nikakimbilia huku.

Ngoja, mtu anabisha.

Ni mama mkwe. Anasema, "Toka, mwanangu. Baba yako ana maswali, na mwandishi ni wewe."