Mafuta ya Rizevu

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Upepo umetangulia jua. Chai ya tangawizi, mkate wa jana. Nimefagia ua, nimepaka mnyororo wa pikipiki oili, nimepangusa tangi. Ndivyo ninavyofanya kila Jumatatu tangu nistaafu ualimu na sioni sababu ya kuacha.

Deo amepiga simu mchana. Mwanangu huyu yuko Mbeya, fundi umeme, ana nyumba yenye chumba anachosema ni changu. Zamani alikitaja mara moja moja. Tangu tumzike mama yake Novemba anakitaja kila wiki. Anataka niuze pikipiki, nifunge nyumba hapa Izia, nikakae kwake.

"Baba, siku moja utaanguka huko porini. Nani atajua?"

Nikamwambia kesho nakwenda kwa shangazi yake Yustina, mbele ya Chala, kuchukua ulezi wa uji. Tumekwenda kila mwaka baada ya mavuno, mimi na mama yake. Mwaka huu nitakwenda peke yangu.

Kisha tukawekeana sharti. Nikienda na kurudi bila kumsumbua mtu, hatalitaja suala la Mbeya mpaka mwakani. Nikikwama, nahama, na pikipiki inauzwa. Nimekubali. Nilikubali kwa hasira, lakini nimekubali.

Mbeya si pabaya. Ila hapa najua kila kitu kilipo. Hata kisichokuwepo, najua mahali pake.

Jumanne, 10 Juni, alasiri

Naandika kando ya njia. Pikipiki imezimika. Hakuna mtu.

Nilichagua njia ya mkato ili kukwepa lami na malori. Njia ya mkato haina duka wala mwenye kupanga chupa za petroli mezani. Asubuhi nilitikisa tangi, nikasikia mafuta yakicheza ndani, nikaridhika. Nilikuwa na hesabu yangu: ya juu yakiisha, ya rizevu yatanifikisha.

Nieleze, ingawa hakuna anayeniuliza. Pikipiki hii haina mshale wa kuonyesha mafuta. Ina koki ubavuni, chini ya tangi. Koki ikiwa mahali pake pa kawaida, injini hunywa mafuta ya juu tu, yale ya chini yanabaki. Ya juu yakiisha, injini inakohoa. Unageuza koki kwenye rizevu, unapata kiasi cha kukufikisha penye mafuta. Ukishajaza, sharti uirudishe. Usipoirudisha, injini itakunywa yote, ya juu na ya chini, bila kukohoa, na wewe unakwenda ukijua una akiba.

Leo haikukohoa. Ilikata tu, kama mtu aliyekatizwa neno. Nikainama kutazama. Koki iko kwenye rizevu. Imekaa hapo tangu nilipojaza juma lililopita.

Perpetua, mke wangu, hakujua kuendesha. Alipanda nyuma yangu miaka yote hiyo, gunia mapajani. Lakini kila tulipotoka kujaza, kabla sijaingiza gia, aligonga helmeti yangu mara mbili kwa kifundo cha kidole. Maana yake: umerudisha? Nilikuwa nakereka. Mwalimu mzima kuulizwa swali moja kila safari, kama mtoto wa darasa la pili. Nikawa narudisha huku nanung'unika.

Nilidhani narudisha mwenyewe.

Simu haina mtandao. Uwanda huu niliufundisha ubaoni: mwinuko, nyasi, miti michache, upepo wa Juni. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mtu akisimama Ufipa anaona mbali kuliko mahali pengi. Ni kweli. Naona mbali sana. Matuta ya mashamba yaliyovunwa, safu kwa safu, na nyasi zake zimezikwa ndani zioze ziwe mbolea. Hakuna moshi wala baiskeli. Nikianguka hapa, nani atajua? Swali la Deo limenifuata hadi huku.

Nitasukuma tena. Magoti yamegoma mara moja, nimeyabembeleza.

Jumanne, jioni

Niko chini ya paa. Jina la mwenye nyumba ni Masanja. Ni Msukuma, alihamia huku na mifugo yake zamani kidogo, sasa analima pia mahindi. Nilisikia kengele za ng'ombe wake kabla sijamwona. Alikuwa anawarudisha zizini. Akanikuta nimeinamia usukani, nahema.

"Shikamoo, mzee. Imekufa?"

"Marahaba. Haijafa. Imeishiwa mafuta."

Akaitazama pikipiki, akawatazama ng'ombe wake. "Hawa hawaishiwi, mzee wangu. Wanajaza njiani."

Nilicheka. Sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho na mtu aliye mbele yangu. Akaishika pikipiki kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fimbo, akaisukuma hadi kwake kana kwamba ni ndama mkaidi.

Petroli hana. Pikipiki yake imekwenda mnadani na mdogo wake, hawarudi hadi kesho. Mkewe amenipa ugali na maziwa ya mgando. Nimekula kuliko nilivyokula wiki nzima. Wakiongea wao kwa wao wanaongea Kisukuma, sielewi, lakini sauti za watu ndani ya nyumba ni kitu nilikuwa nimekisahau.

Nikaanza kupiga hesabu. Kesho nipate mafuta, nifike kwa dada, nirudi Izia. Nimekwama, ndiyo. Lakini nani ajuaye?

Kisha Masanja akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kabla sijalala lazima balozi aje. Mgeni akilala kwa mtu, balozi wa nyumba kumi anajulishwa. Na hasa mgeni mwenye pikipiki, maana wezi wa ng'ombe nao huja na pikipiki. Mimi mwenyewe nilifundisha somo la uraia. Niliwaandikia watoto ubaoni: mgeni ajulikane kwa balozi. Wakanakili.

Balozi ni mama wa Kifipa, amejifunga kanga mbili na blanketi juu. Mama Salome. Amenitazama juu hadi chini.

"Mwalimu? Mwalimu mzima unaishiwa mafuta kama vijana wa bodaboda?"

"Nilisahau koki, mama."

"Na mwenzio yuko wapi wa kukukumbusha?"

Nikamwambia. Akashusha macho, akasema pole, akasema Bwana ampumzishe. Halafu akarudi kazini kwake. "Nipe namba ya mtu wako. Mzee halali kwetu halafu watu wake hawana habari. Ukiamka na homa mimi nitamwambia nani?"

Ningependa kumpa namba ya dada Yustina. Dada hana simu. Nina mtoto mmoja tu. Nimempa namba ya Deo.

Akapanda kichuguu nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakopatikana. Nilimsikia kutoka huku, anapaza sauti kama anaita ng'ambo ya bonde: "Baba yako mzima! Kala! Ameishiwa mafuta tu!"

Basi. Imekwisha.

Jumatano, 11 Juni

Mdogo wake Masanja amerudi mchana. Wamenyonya mafuta kwa mpira kutoka tangi lake hadi langu. Yanatosha kunirudisha Izia, hayatoshi kwenda kwa dada kwanza. Sikuwa na moyo wa kwenda mbele vilevile. Sharti limevunjika, sasa ulezi wa nini? Huko Mbeya kuna unga wa dukani.

Wakati wa kuaga, mke wa Masanja amenipa kibuyu cha maziwa ya mgando, mdomo umezibwa kwa majani makavu. Nilijaribu kukataa. Akasema mgeni hatoki mikono mitupu. Masanja akanisindikiza hadi njia panda. "Siku nyingine uje kwa makusudi, mzee. Usingoje kuishiwa."

Nimeendesha polepole, mjini nikaongeza mafuta kidogo. Koki niliigusa mara nyingi njiani. Haikusaidia kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Deo hajapiga.

Nimekunywa maziwa. Nimeosha kibuyu, nimekining'iniza jikoni.

Ijumaa, 13 Juni

Ujumbe wa Deo, maneno machache: "Nakuja kesho na basi la asubuhi. Shikamoo." Salamu ameiweka mwisho. Hiyo si kawaida yake.

Nimefungua kabati la Perpetua nione vitu vya kufunga. Nimelifunga tena. Naogopa. Sijui kama naogopa kuhama au naogopa kwamba mwanangu alisema kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Amefika. Amekonda kidogo. Ameniamkia, amekaa, amekunywa chai. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, ningepata mahali pa kushika.

Ameizunguka nyumba, ametazama paa, ametazama mkaa uliobaki. Jikoni akakiona kibuyu.

"Hiki cha nani?"

Nikamweleza, na nikaeleza mno, kama kawaida yangu: Masanja, kengele, mkewe, Mama Salome juu ya kichuguu. Kwenye kichuguu alikaribia kucheka. "Alinipigia kelele kama mimi ndiye niliyeishiwa," amesema. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Amesema usiku ule, baada ya simu, hakulala. Amesema kesho twende wote kwa shangazi, tumuage, Jumatatu tutafute mnunuzi wa pikipiki. Nimemkabidhi ufunguo. Ahadi ni ahadi.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza, kisha safari. Deo mbele, mimi nyuma, gunia tupu mapajani. Sijawahi kukaa nyuma kwenye pikipiki hii. Upepo ni ule ule lakini unakupata kwa namna nyingine. Huoni njia, unaona mgongo wa mtu. Perpetua aliona mgongo wangu miaka yote ile. Sikuwahi kumuuliza anawaza nini huko nyuma.

Deo amepita lami, hataki mkato. Ameendesha vizuri. Kidogo kabla ya Chala injini ikakohoa, kama inavyotakiwa. Akainama, akageuza koki, tukafika kituoni. Amejaza tangi, amefunga kifuniko, amewasha.

Mkono wangu ukanyanyuka. Sikuutuma. Nikamgonga helmeti mara mbili kwa kifundo cha kidole.

Alisimama na miguu yote miwili chini. Hakugeuka. Hakuingiza gia. Utotoni alikuwa anakaa juu ya tangi, mbele yangu, na kule kugonga kulipita juu ya kichwa chake safari zote. Nilimwona akishusha mkono taratibu ubavuni mwa tangi. Koki ilikuwa kwenye rizevu. Akairudisha. Mkono ukabaki pale.

"Mama," amesema.

Ni hilo tu. Nyuma yetu bodaboda alikuwa anapiga honi, "Sogeeni basi, wazee!", naye Deo bado kijana. Tukasogea.

Kwa dada Yustina tumekaa hadi jua kugeuka. Dada ametutania tangu mlangoni: "Wanaume wawili kwa gunia moja la ulezi! Na nani atapepeta?" Sisi wawili. Ametukabidhi ungo tupepete, akakaa pembeni akituambia tunavyokosea. Nilingoja Deo amwambie kwamba tumekuja kuaga. Hakumwambia. Nami sikumwambia.

Tukarudi na gunia la ulezi. Baridi kali. Nilimshika kiunoni kwa sababu ya upepo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemsindikiza Deo stendi. Hakuna mnunuzi aliyetafutwa. Asubuhi wala hakulitaja, nami sikumkumbusha. Alikuwa ameshika begi mkono mmoja, akaingiza mwingine mfukoni, akanipa ufunguo kama mtu anayekumbuka kurudisha kitu alichoazima.

"Kile kibuyu, baba. Chombo cha watu usikikalie."

"Hakirudi kitupu," nikasema.

"Basi weka ulezi. Upite lami, ujaze Chala, ndiyo ukate kuingia kwa Masanja. Ukifika kwenye kichuguu unipigie."

Akapanda. Dirisha lake lilikuwa upande wa pili, sikumwona basi lilipoondoka. Nilisimama hata hivyo.

Nyumba kimya. Nimekula kidogo. Nimepangusa tangi, maana ni Jumatatu. Nimekijaza kibuyu ulezi, nimekiziba kwa kitambaa safi, nimekiweka karibu na mlango. Nitakwenda Alhamisi, upepo ukipungua.

Jioni nimetoka kuangalia koki. Iko mahali pake. Nimegonga tangi mara mbili, nikaingia ndani.