Aliyekatwa Kwenye Picha

Jumatatu, 3 Machi
Nimekata vioo sita hapa atelye, tunapotengeneza fremu za picha. Umeme umeenda mara mbili. Saa nne avoka mmoja, mwanasheria wa mjini, akaleta picha ya kale, ya kuchapishwa kwa wino mweusi, mambo ya wakati Wabeleji walipotutawala. Ameleta na kadri yake, fremu ya mbao, anataka tuitie humo, aitundike ofisini. Ni siku ya soko. Mwanaume amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo. Mama mmoja anaendelea kupanga sombe yake, majani ya muhogo ya kuuza, sawa vile hakuna kitu. Pembeni kulia, muzungu kwenye kiti. Kikombe mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine juu: anahesabu fimbo.

Aliyechora alichora kila jani la sombe. Muntu aliyelala hakumpa hata uso. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Kadri aliyoleta avoka ni ndogo. Patroni, mwenye atelye, anasema tukate picha upande wa kulia. Kulia ndiko aliko muzungu! Nikasema tutengeneze kadri kubwa, mbao nitaleta miye mwenyewe. Akampigia avoka simu. Kumbe si habari ya kadri. Avoka iko na wateja wazungu wa migodi, hataki waingie wajisikie vibaya.

Aka! Na sisi tukiingia, tujisikie vizuri?

Jumatano, 5 Machi
Hasira tu. Mutoto akiingia mule ofisini, muzungu amekatwa, ataona nini? Mweusi anapiga mweusi, basi. Atasema ndivyo tulivyo. Na huyo avoka ni muntu wa sheria!

Alhamisi, 6 Machi
Patroni aliniwekea kisu mezani. "Kata, Béa, ao rudi kwenu."

Nilikataa. Miaka tisa nimekata kila alichonipa. Akakata yeye. Nikavua tabliye, aproni yangu ya kazi. Kipande kilichoanguka nikakiokota, hakuna aliyeniuliza. Nimetembea kwa miguu mpaka kwetu Panda.

Sina kazi. Nimekasirikia patroni, avoka, hata mama wa sombe, masikini. Angefanya nini?

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimetia kile kipande kadri ya vijiti, nikakitundika saloni, pale tunapoketisha wageni, lakini nyuma ya kabati, wasikione. Muzungu peke yake. Kiti, kikombe, kidole juu.

Mama yangu alikuja kabatini, sahani mkononi, akakiona. "Huyu anahesabu nini?"

Nikamweleza yote. Akaweka sahani chini. Akasema nikitoe pale nyuma ya kabati, nikiweke mbele ya mlango, kila anayeingia akione. Nimekihamisha.