Usimruhusu Fundi wa Kisima

Nyumbani kwa dada yako, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo, ila mgongo wa mama unamsumbua, na ndoo za maji hazipungui. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama maji yatajileta yenyewe.

Najua umefurahi tangu nilipokupigia simu kukwambia kwamba udongo wa nyuma ya nyumba ni salama, fundi aanze kuchimba kisima unachotulipia. Mjomba, furaha hiyo iweke kando. Udongo niliopima haukuwa wa pale.

Kazini tuna maikrowevu, ndugu ya ile ya kupashia viporo, ila yetu ni ya kutoa sumu kwenye udongo. Unatia udongo kidogo kwenye chupa nene pamoja na kiyeyushi, unafunga kifuniko barabara, unapasha moto. Sumu iliyong'ang'ania udongo inaachia, inahamia kwenye kiyeyushi, nacho tunakichuja na kukipima. Zamani kazi hiyo ilikula siku nzima; sasa chai haijapoa imekwisha. Mama huwaambia majirani nalipwa kupika matope.

Basi nilikuwa nimebanwa na kazi, nikamwomba mama anichotee udongo pale fundi alipochomeka vijiti, karibu na ukuta wa lile ghala la dawa za wadudu lililobomolewa. Unamjua dadako. Hawezi kupeleka kitu kichafu kwenye ofisi ya watu, wakaja kusema mwanawe katoka jalalani. Udongo wa ukutani ulikuwa unanuka, akaona aibu. Akachota wa kwenye maua yake, akauchekecha kwa chekecheke la unga, akaufunga kwenye karatasi nyeupe. Mashine ikapewa udongo wa maua, ikajibu kuhusu maua.

Nilijua Jumatatu tukimenya vitunguu. "Nilikuchagulia ule mzuri," akaniambia, anajisifu. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na vitunguu vikasingiziwa.

Kesho yake nikachota mwenyewe, juu kwanza, kisha chini zaidi. Nikapima, nikarudia, mkuu wa maabara akakagua. Dawa ya ghala imejaa pale, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi. Maji ya kisima hicho yangetoka maangavu kabisa, na tungeyanywa huku tukikuombea dua wewe.

Fundi nimemsimamisha, na sururu yake nimeifungia stoo. Ananiita mwenye roho mbaya, na aniite. Ofisi ya mazingira nimeshakwenda na majibu mkononi. Waliniambia nisubiri, nikavuta kiti nikasubiri palepale, na nitarudi mpaka waje kuuondoa udongo huo. Sasa napima upande wa barabarani. Pakiwa salama tutachimba huko, hata kama jembe nitashika mimi.

Ila kuna mtu mmoja simwezi. Mama hajakubali. Anasema sumu haioni, mgongo wake anausikia. Atakupigia simu akuombe umrudishe fundi, na atalia, maana amechoka kweli na mimi mwenyewe roho inaniuma nikimwona. Tangu utotoni hujawahi kumnyima dada yako kitu. Mjomba wangu, nakupigia magoti: safari hii mnyime.

Msalimie mkazamjomba na mapacha wake. Dada yangu anakusalimu, mtoto wake ameacha ziwa, sasa anakunywa maji kama sisi. Mama naye amepita hapa mlangoni na ndoo, anakusalimu sana, anauliza fundi anarudi lini. Mungu akulinde, na akikupa kitu mwezi huu, akupe moyo mgumu.

Wako akupendaye,
mpwa wako,
Kichwa Ngumu, kama ulivyonibatiza mwenyewe.