Korongo wa Njia ya Mofu

Mbingu, Ifakara.
24 Novemba 1996.

Mpendwa mdogo wangu Kasmiri,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hamjambo huko Musoma? Wifi Eliza anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua mawingu yakianza kukusanyika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza kama korongo bado wanatua kwenye lile dimbwi la njia ya Mofu, ukauliza na mdiria, yule ndege mvua samaki wa darajani. Hali ya dada yako umeiulizia mwishoni kabisa, pembeni ya karatasi. Sikununa. Au nilinuna kidogo, halafu nikaijaza upepo baiskeli yako uliyoiacha hapa, ili nikakutazamie.

Nilikwenda jana, Jumamosi. Nilitoka alfajiri na viazi vitamu na chupa ya chai, na njia nzima sikukutana na gari. Miti imeanza kuchipua ingawa mvua bado. Mdiria nilimkuta palepale darajani. Mbele kidogo yangeyange walikuwa wanafuata ng'ombe wa Sayi, yule Msukuma aliyehamia jirani na shamba letu. Nikakaa chini kuwatazama. Kila nilipotaka kusema "ona yule," pembeni hapakuwa na mtu. Tangu tumzike mama nyumba iko kimya, nikadhani kimya cha njiani kitakuwa tofauti. Ni kilekile.

Sayi aliniamkia kwa adabu, akaniuliza kama mwaka huu tutalima. Ana ng'ombe wa plau, na shamba la baba analitamani.

"Mama, mvua haitatungoja," akasema. "Kama mdogo wako haji, nipe nilime mimi."

Nikamwambia nitakuuliza. Heka tatu siwezi kuziamia peke yangu, ndege wataumaliza mpunga wote.

Korongo wapo, Kasmiri. Nilianza kuwahesabu kama ulivyoagiza, nikafika kumi na saba. Mara wakasogea upande wa majaruba ya mpunga, nami bila kufikiri nikapiga makofi na ukelele, "Haaaya! Haya weee!" Miaka yote ya kuamia ndege bado imo mwilini. Wote wakaruka. Mtu katumwa kutazama ndege, kawafukuza! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikajikuta nimesimama tu, nasikiliza. Unakumbuka tulivyokuwa tukilinda mpunga shambani, mimi juu ya dungu la huku na wewe juu ya lile la kule? Nikipiga ukelele nawe unaitikia, ili mama ajue hatujalala. Jana nilisubiri uitikie. Nililia, sitakuficha.

Idadi kamili ya korongo njoo uhesabu mwenyewe. Ila kwanza niambie kama utakuja mpunga ukianza kuiva, hata kwa wiki mbili. Usiponiandikia kabla ya mvua, shamba nitampa Sayi. Sitaweza kukaa dunguni nikiita upande usio na mtu.

Nisalimie sana wifi Eliza, na Marsiana na Nickolaus, waambie shangazi yao anawakumbuka kwa majina. Mungu awatunze nyote, na wewe akufungulie njia ya nyumbani.

Dada yako akupendaye,

Odilia