Wiki Ambayo Mashine ya Lori Ilikuwa Nzima

Chumba cha Fundi,
Ukumbi wa Michezo, Ghorofa ya Chini.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wako wa kulia umeacha visa. Shemeji hajambo? Bado anabishana na redio? Na wapwa zangu je, yule mwenye miwani na yule mdogo asiyetaka kuitwa mdogo? Mimi mwili haujambo. Kikohozi kimeniachia, meno yaliyobaki yanafanya kazi, ila nimepungua kidogo, maana kumpikia mtu mmoja kunachosha kuliko kupikia kumi.

Unisamehe kwa kukaa kimya. Najua utasema, huyo naye hashiki kalamu mpaka awe na jambo. Haya, ninalo. Tena ni la aibu, kwa hiyo usinicheke mapema nikashindwa kulimaliza.

Hapa ukumbini tumepukutika. Fundi mwenzangu, yule Mrefu niliyekuwa nakuandikia vituko vyake, alistaafu mwezi wa tatu na tajiri hakuweka mwingine. Tajiri mwenyewe hupita Jumatatu asubuhi, anatazama, anaguna, anaondoka. Watoto wa shule wanakuja Jumamosi. Siku zilizobaki ni mimi na mashine kumi na nne za michezo, zinazopiga muziki bila mtu. Kuna siku nilifika nyumbani, nikajikwaa mlangoni, nikasema "loo!" Ndipo nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimetamka neno.

Mteja wangu wa kila siku ni mmoja tu. Mimi namwita Dereva, yeye ananiita Fundi, majina hatujaulizana. Ni mzee aliyeendesha malori miaka thelathini na sita. Ikigonga saa kumi alasiri, huyo, kofia mkononi, moja kwa moja kwenye mashine ya lori. Ni ile yenye kiti, usukani na pedeli tatu, kwenye kioo unapandisha lori la mzigo njia ya mlimani. Anacheza saa nzima, na kileleni hajawahi kufika. Akimaliza ananiambia breki za mashine yangu ni za uongo, anavaa kofia, anakwenda zake. Muda wote huo mimi naona mgongo wake tu. Lakini hata mgongo ni mtu, dada. Nilikuwa najiambia unanitosha.

Sasa, Jumatatu ya tarehe mosi mashine ya lori ikagoma. Ukiiwasha inaonyesha picha ya kwanza, kisha yanatokea maandishi mekundu kwamba haioni chipu ya ulinzi, inazimika, inaanza upya. Hiyo chipu ni kidude kidogo ndani ya bodi, kina miguu ishirini na minane. Waliotengeneza mchezo waliiweka ili wezi wasiunakili. Kila mashine ikiamka inaiuliza chipu swali la siri, na isipojibiwa sawasawa inajiona imeibwa, basi haifanyi kazi tena. Lidude la kilo mia mbili, linamsubiri mdudu asiyezidi kipande cha biskuti!

Dereva alipofika nikamwambia leo hakuna safari. Nilidhani atageuza. Kumbe akavuta stuli, akakaa pembeni yangu, akaniomba tochi animulikie.

Weee! Mzee yule ana maneno. Kumbe miaka yote alikuwa kimya kwa sababu alikuwa kazini, na kazini dereva haongei. Siku nne tulikaa bega kwa bega mbele ya bodi ile. Nikapima umeme, volti tano zikawa tano kamili. Nikasugua meno ya bodi, pale inapochomekwa, kwa ufutio wa penseli. Nikachukua chipu ya mashine pacha, ile tuliyoigeuza spea, nikaichomeka, ikakataliwa, maana kila chipu inaijua bodi yake tu. Dereva akacheka, akasema na yeye aliwahi kupewa utingo wa lori la mwenzake, hawakuelewana mpaka mzigo ukashushwa.

Ijumaa asubuhi, nikiwa peke yangu, nikaigeuza chipu chini ya lenzi, nikauona ugonjwa. Mguu wa kumi na moja ulikuwa na ufa mwembamba pale unapoingia mwilini. Nani kauvunja? Mimi. Kuna koleo maalumu la kung'olea chipu, lakini sisi mafundi wa zamani tumezoea bisibisi bapa. Unaipenyeza upande mmoja, unabinua, inaruka. Miaka yote, kila tukiitoa kusafisha, Mrefu na mimi tulikuwa tunabinua upande ule ule, mpaka mguu ukachoka. Nikauunga kwa waya mwembamba kama unywele na tone moja la risasi ya kulehemu, nimebana pumzi. Saa nne asubuhi nikawasha. Ikaitika! Muziki, honi, mlima, kila kitu mahali pake. Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikaangalia saa ya ukutani.

Nikawaza, saa kumi atakuja, atakaa kwenye kile kiti, atanipa mgongo. Sikuwaza zaidi ya hapo, haki ya Mungu. Nikazima mashine. Nikaing'oa chipu, safari hii kwa koleo, nikaichomeka kwenye kipande cha sponji nyeusi miguu isipinde, nikaitia mfuko wa shati. Alipokuja akauliza, "Imefikia wapi?" Nikamwambia, "Bado inasumbua."

Bado inasumbua! Wiki nzima, dada, mimi mtu mzima mwenye mvi, nilifungua skrubu na kuzifunga zile zile. Nilipima nyaya nilizojua ni nzima. Nilikuna kichwa, niliguna, nilijibu maswali yake kwa uongo wa kitaalamu. Yeye anamulika. Na tunaongea. Alinieleza habari za marehemu mkewe, kwamba akikaribia nyumbani alikuwa anapiga honi kwenye kona ili mama aweke maji jikoni. Siku hizi anatembea kwa miguu, lakini akifika kona ile lazima akohoe. Na mimi nikamsimulia mama yetu alivyokuwa akituficha sukari, na wewe ulivyoipata kila mara, hata ile ya ndani ya kiatu cha baba. Alicheka mpaka tochi ikawa inamulika dari. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimchekesha mtu.

Nikiri na hili. Niliona kwamba tochi yake ilikuwa inakwenda pembeni, upande wa kushoto anaukosa. Niliona kwamba maandishi ya kwenye bodi alikuwa ananiomba nimsomee. Niliona, sikuuliza. Nilikuwa nashughulika na furaha yangu.

Ijumaa hii iliyopita alikuja saa tisa, mapema, na mwanamke wa makamo amemshika mkono. Ni binti yake. Amekuja kumchukua, wakaishi pamoja mji wa mbali, safari kesho yake alfajiri. Macho, dada. Daktari amesema la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na ni suala la wiki, si la miaka. Binti akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba tarehe ya kuondoka walishaipanga tangu mwezi uliopita. Baba yake alikuwa amemwomba kitu kimoja tu, wiki mbili za mwisho aachwe aje hapa kila siku, ajaribu kufika kileleni angali anaiona barabara. Akasema, "Bahati mbaya tu mashine ikaharibika."

Mzee hakuniambia, unaelewa? Hakutaka kunihimiza. Alikuwa anakaa kwenye stuli, siku zake za kuona zinahesabika, anamulika mkono wa mtu aliyekuwa na barabara yake mfukoni.

Ningeweza kuwaaga tu, wasijue. Wazo hilo lilinipitia, sikufichi. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nikaitoa chipu mbele yao, nikaipachika, nikawasha. Haikuchukua hata dakika mbili. Muziki ukaanza. Dereva alikuwa ananitazama kwa lile jicho lililobaki, akatazama mfuko wa shati, akatazama chipu, na nikaona amemaliza kuelewa. Nikasema, "Nisamehe, mzee," basi.

Akaenda akakaa kwenye kiti, akapapasa usukani, akaanza safari. Nilisimama nyuma yake. Kona ya kwanza akaipita vizuri, ya pili akaigusa. Ya tatu inapinda kushoto, wala hakujaribu kukata usukani, kwa sababu hakuiona. Lori likaporomoka. Nikamwambia ajaribu tena, ajaribu hata mara mia, sifungi. Akasema inatosha.

Akavaa kofia, akamshika binti yake mkono. Mlangoni akasimama, hakugeuka. Akasema, "Fundi, ungeniambia tu. Ningekaa."

Wakaondoka.

Tangu juzi nalizungusha neno hilo kichwani. Hakunitukana, angenitukana ningepona haraka. Ningekaa! Kumbe kulikuwa na neno moja la kusema, na mimi badala ya kulisema nikalifanyia ufundi wa siku saba.

Kwa hiyo, dada, wewe nakwambia kabisa. Kila ukiniandikia kuniuliza kama nina shida, nakujibu sina. Nilikuwa nakudanganya. Niko peke yangu na inaniuma, asubuhi hasa, na Jumapili kama leo. Njoo unitembelee. Usiniletee kitu, wala usiseme unakuja kwa ajili ya matibabu ya mguu. Njoo tukae. Ukishindwa, niambie lini nije mimi, nami nitamwambia tajiri anipe likizo, akikataa nitakuja vivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji, umwambie redio haisikii. Wabusu wapwa zangu wote wawili, na shangazi mkubwa wa hapo nyuma ya nyumba umshikie miguu kwa niaba yangu. Mungu akulindie macho, akulindie na wote unaowaona kila siku.

Mdogo wako anayekupenda, na anayesubiri jibu,

Fundi