Cheti Alichoandika Binti

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila miguu tu. Kazi ya zahanati ni ya kusimama. Nimefaulu ile kozi ya kuwaandikia wagonjwa dawa. Sheria imebadilika: nesi aliyefuzu anaruhusiwa kuandika dawa, na mfamasia naye anaweza kumwongezea dawa mgonjwa wa siku nyingi bila kumngoja daktari. Ulipokuja nilikupima presha, ikawa juu, na vidonge ulisema vimekwisha. Cheti hiki hapa, kina sahihi na muhuri. Kipeleke duka la dawa, usikilaze mkobani.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, kichwa tu kinagonga kidogo. Hongera sana, nimewatangazia majirani mpaka wamenichoka. Mfamasia alisoma cheti chako akasema ni halali. Nikamwambia anirudishie. Mwanangu, kinasomeka! Nani aliona cheti cha daktari kikasomeka? Akasema basi ataniandikia yeye, nikacheka. Juzi tu alikuwa ananiuzia sabuni. Na wewe niliyekufuta kamasi, leo unipe dawa? Nitamngoja daktari. Usinune.

Mama yako

26 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijanuna, naogopa. Kichwa hicho ni presha. Daktari mliyemzoea amehamishwa na mwingine hajaletwa. Wagonjwa ninaowaandikia kutwa nao ni mama za watu, na wananiamini. Kama mimi hunitaki, mkubalie mfamasia. Nijibu upesi.

Mwanao

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Dawa umepata?

Mwanao

30 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Anayeandika ni mfamasia, mimi nasema. Mkono wa kulia haunitii na mdomo umepinda, ila maneno, unanijua, hayajapungua. Nilianguka jikoni, nikiwa bado namngoja daktari.

Hospitalini waliponipeleka, daktari alipita mara moja. Aliyekuwa akirudi kila asubuhi kunipima na kuniandikia vidonge ni nesi, mdogo kuliko wewe. Nikanywa. Sikumuuliza kwao wapi wala nani alimlea. Mgeni nilimwamini papo hapo, mwanangu nilimkatalia. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Nimesharudi nyumbani. Vidonge walivyonipa vinakaribia kwisha. Vingine niandikie wewe.

Mama yako